Tulichukua Ngoma, Tukaliacha Rika

Kanisa letu limejifunza ngoma. Ibada ya Jumapili Isebania leo ina kayamba, vigelegele na kina mama wanaopeleka vipaji kwa mwendo wa kucheza, mambo ambayo wamisionari wengi wa kwanza waliyaita ya kipagani. Vijana wameongeza kinanda na spika, na mahubiri yanarushwa kwenye simu. Kwa hiyo anayedai kwamba kanisa halisogei na wakati hajalitazama vizuri. Limesogea, tena kwa furaha. Ninachouliza ni kama limesogea mahali penye uzito. Mtoto huonjeshwa utamaduni wake kwa ngoma, lakini huwa mwanachama wake siku anapovushwa kutoka utotoni kwenda utu uzima, na hapo ndipo makanisa mengi ya kusini mwa Migori yamekaa kimya, au yamekataza kwa sauti kubwa kisha yakaenda zao. Kanisa lililochukua ngoma ya Wakuria likaliacha rika lao limebeba chepesi na kuacha kizito. Ukeketaji wa wasichana hautaisha hapa mpaka kanisa lenyewe liwe mahali ambapo binti anavushwa rika kwa heshima, baba yake na wazee wa ukoo wakishuhudia.

Asiyeijua Kuria aelezwe Desemba yake. Shule zikifungwa, koo za Bakira, Bagumbe, Banyabasi na Bairege husikiliza inchama, baraza la wazee wa mila, litasema nini kuhusu esaaro, yaani msimu wa tohara. Wavulana hutahiriwa, na wasichana hukeketwa ijapokuwa sheria imekataza. Aliyekatwa hurudishwa nyumbani akiwa amefungwa leso mpya, akisindikizwa kwa nyimbo na jamaa wanaomtunza kwa fedha na zawadi. Asiyekatwa hubaki kuitwa msagane, neno linalomfuata mtoni, sokoni na hadi ndani ya ndoa yake. Mwaka 2020, korona ilipofunga shule, msimu ulikuja mapema na wasichana wakatembezwa barabarani mchana kweupe, habari iliyoandikwa na magazeti ya hapa na ya ng'ambo. Nyuma ya nyimbo hizo kuna damu inayovuja, vidonda vinavyooza, uzazi wa mateso miaka mingi baadaye, na kwa wengi mwisho wa masomo, kwa kuwa binti aliyevuka rika huhesabiwa kuwa tayari kuolewa.

Serikali haikulala. Sheria ya mwaka 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji inamtoza mkosaji kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000, na imeweka adhabu hata kwa anayemtukana mwanamke kwa sababu hajakeketwa. Kwa maneno mengine, kumdhihaki binti kwa jina la msagane ni kosa la jinai nchini Kenya, jambo ambalo nadhani mahubiri machache sana yamewahi kulitaja. Mwezi Machi 2021 Mahakama Kuu iliitetea sheria hiyo dhidi ya ombi lililotaka mwanamke mzima aruhusiwe kujichagulia. Na kitaifa hali inabadilika: takwimu za afya zinaonyesha kwamba wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, wakawa 21 mwaka 2014 na 15 mwaka 2022. Hata hivyo wastani wa taifa huficha mifuko ya jamii ambako mila bado imesimama, na Kuria ni mojawapo. Askari hufika kijijini mara moja kwa msimu, tena akitanguliwa na habari zake. Mchungaji na katekista wako pale wiki nzima.

Wapo watakaosema subira inatosha: Ukristo ukienea na elimu ikipanda, mila hii itakufa yenyewe. Jirani zetu Wakisii wanatufundisha vingine. Wakatoliki na Wasabato wamekuwa Kisii kwa zaidi ya miaka 100, wamejenga shule na hospitali, na ni vigumu kupata jamii ya Kenya inayokwenda kanisani kwa bidii kuliko hiyo. Pamoja na hayo, utafiti wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 84 ya wanawake Wakisii wamekeketwa. Kilichobadilika ni chombo na mkataji: familia nyingi zilimwacha ngariba zikamwendea muuguzi, tendo likafanyika kimyakimya ndani ya nyumba, bila shangwe na bila ushahidi. Usasa uliingia, dini ikaingia, na kisu kikabaki. Kanisa ambalo haliligusi jambo hili kwa mkono wake mwenyewe linaweza kukua miaka 100 pembeni mwake.

Lakini pia kugusa vibaya kuna gharama, na historia ya Kenya inayo mifano miwili inayostahili kusomwa katika kila chuo cha uchungaji. Mwaka 1929 misheni ya Kanisa la Scotland na wenzao katika nchi ya Wakikuyu waliwataka waumini na walimu watie saini au alama ya dole gumba, kirore, kuukana ukeketaji. Waliokataa walitengwa na watoto wao wakafukuzwa shule. Maelfu waliondoka, wakaanzisha shule na makanisa yao huru, na ukeketaji ukageuka kuwa bendera ya kumpinga mzungu. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta aliutetea katika kitabu chake Facing Mount Kenya. Kisha mwaka 1956 baraza la Njuri Ncheke la Wameru, likisukumwa na wakoloni, lilitangaza marufuku. Wasichana wakajibu kwa kujikata wao kwa wao porini, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe, na katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 wakafikishwa mahakamani. Binti wa miaka 13 anashika wembe mwenyewe kwa sababu gani? Kwa sababu alinyang'anywa mlango wa kuingilia utu uzima na hakuonyeshwa mlango mwingine. Walioandika marufuku zile waliona jeraha tu. Hawakuona kwamba jeraha lilikuwa ada ya kuingia kwenye kitu ambacho mtoto alikitamani kweli: kuwa na rika, kuheshimiwa na mama yake kama mtu mzima, kuimbwa kwa jina lake siku moja katika maisha yake.

Hapo ndipo penye kazi ya kanisa, na vifaa vya kazi hiyo linavyo tayari. Wakatoliki wana kipaimara, ambacho watoto wengi hupewa katika umri uleule wa esaaro. Wasabato, waliofika Gendia, Homa Bay, mwaka 1906, huwabatiza vijana wao wakiwa wamefikia umri wa kujisemea, na wana vyama vya Watafuta Njia vyenye sare, vyeo na gwaride. Waanglikana wana kipaimara chao. Tazama jinsi tunavyoviendesha. Mtoto hukaririshwa maswali na majibu, hupangwa mstarini na wenzake 60, askofu hupita akiwahi parokia nyingine, chakula kinaliwa, na Jumatatu hakuna kijijini anayemwona tofauti. Hajaingia kwenye kundi lolote lenye jina. Hajafundishwa na bibi yake juu ya mwili wake, ndoa, kazi na mali. Baba yake huenda hata hakuwepo. Esaaro inalijua jambo moja ambalo sisi tumelisahau, kwamba mtu havuki rika peke yake, huvushwa na watu, na watu hao lazima wagharimike kwa ajili yake. Tungeweka katika kipaimara na ubatizo wiki za mafundisho ya kweli, rika lenye jina linalodumu, leso, zawadi, nyimbo za kuelekea nyumbani kwa binti, na siku yenyewe tukaiweka Desemba, ngariba angebaki na kisu bila sherehe.

Wanafunzi wa theolojia watanipinga kwanza. Watasema Injili haiombi ruhusa kwa mila, na kwamba kuyaiga ya esaaro ni kurudisha upagani kwa mlango wa nyuma. Nawaelekeza kwenye Matendo ya Mitume sura ya 15. Baraza la kwanza la kanisa, pale Yerusalemu, lilikutana kwa ajili ya tohara: je, asiye Myahudi akatwe ndipo awe mtu kamili wa Mungu? Mitume wakaamua kwamba alama ya mwilini haimfanyi mtu kuwa mshirika. Uamuzi huo ni wa binti wa Kuria kama ulivyo wa Myunani wa Antiokia, tena kwake ni dhahiri zaidi, maana hata agano la Abrahamu halikumtaja mwanamke. Ila mitume hawakuishia kwenye hapana. Waliwapa wageni wale nafasi mezani. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ililiita jambo hili utamadunisho na kulihesabu kuwa la lazima, na maparokia yetu yakalitekeleza kwa ngoma na kitenge. Tulisoma ukurasa wa kwanza tukafunga kitabu.

Mzee wa Kuria naye ana pingamizi lake, nalo ni zito: kanisa ni mgeni, mila ni yetu, na Katiba inatulindia utamaduni. Namjibu kwa heshima. Kwa idadi ya watu wake, kanisa la Kuria si geni tena. Mashemasi, waimbaji na wenyeviti wa jumuiya ni watoto wa koo zilezile, na baadhi yao ndio wanaolipia kukatwa kwa binti zao. Mila nazo husogea. Jirani zetu Waluo waling'oa meno sita ya chini kama alama ya kuvuka utoto, na leo ni nadra kumkuta kijana aliyeng'olewa. Naamini desturi ile ilififia kwa sababu kusoma kuliwapa vijana alama nyingine ya utu uzima iliyoheshimiwa na wazazi. Hakuna aliyekoma kuwa Mluo.

Pingamizi linaloniumiza zaidi linatoka kwa wanaofanya kazi hii kwa mikono yao. Wanasema sherehe mbadala zimejaribiwa na hazitoshi: binti hukaa kambini Desemba nzima, hupewa cheti, akirudi nyumbani hukatwa Januari au likizo inayofuata. Ni kweli, na haifai kufichwa. Sherehe ya kwanza ya aina hiyo Kenya ilifanyika Tharaka mwaka 1996, kwa jina la Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno, wasichana wakiwa wapatao 30. Uchunguzi wa shirika la Population Council uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba njia hiyo huzaa matunda pale jamii inapokuwa imeelimishwa kwanza na wazazi wamekwisha kuamua. Sherehe peke yake haibadilishi nyumba. Ndugu zetu wa Mara, upande wa Tanzania, wanalijua hilo. Kituo cha Masanga wilayani Tarime, chini ya Kanisa Katoliki, na nyumba salama iliyofunguliwa na Waanglikana Mugumu, Serengeti, mwaka 2014, vimewaokoa mabinti wengi, na wanaovihudumia wanatumia nguvu nyingi kuzungumza na wazazi kabla ya kumrudisha mtoto. Kambi ni ya dharura, na wanaokimbilia huko wapokewe. Tatizo ni kanisa kuifanya kambi kuwa jibu lake lote. Mtoto anayevushwa mafichoni, mbali na baba yake, hajavushwa machoni pa ukoo. Ndiyo maana nasisitiza sherehe ifanyike parokiani kwake, baba akiwa amesimama nyuma yake, wazee wa inchama waliokwisha kutamka hadharani kwamba hawatabariki kisu wakiwa wamekaa mbele. Ambaye hajatamka asialikwe, wala fedha isipite mkononi kununua neno lake.

Sherehe ya namna hiyo inadai kanisa lianze na wanaume wake. Mafundisho mengi juu ya ukeketaji hupewa wasichana na mama zao, watu wenye sauti ndogo kuliko wote nyumbani. Kijana wa kwaya anayetahiriwa Desemba aulizwe kabla ya kipaimara chake kama yuko tayari kumwoa binti ambaye hajakatwa, na kama atamtetea mbele ya mama yake. Mzee wa kanisa aliyemkeketesha mtoto asipewe kisomo madhabahuni Jumapili inayofuata kana kwamba hakuna lililotokea. Kuna wachungaji watakaoogopa kwamba waumini watahama kwenda banda la jirani, kama walivyohama mwaka 1929. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni makanisa kukubaliana neno moja: Mkatoliki, Msabato, Mwanglikana na Mpentekoste wakiweka sharti moja, hakutakuwa na banda la kuhamia.

Kisha kuna mpaka. Isebania na Sirari ni mji mmoja uliokatwa na mstari, na binti anaweza kupelekwa upande wa pili kwa miguu. Mawaziri wa Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa mwaka 2019 kulijadili hilo, lakini sheria hazijalingana: ya Tanzania, ya mwaka 1998, inamlinda aliye chini ya miaka 18, ya Kenya inamlinda kila mwanamke. Jimbo la Homa Bay, lililoundwa mwaka 1993 na lenye parokia zote za Migori, linakoma mpakani, na pale linaanza la Musoma. Waanglikana nao wana dayosisi pande zote mbili. Basi nawaomba maaskofu hao, na viongozi wa Wasabato na Wapentekoste, wakae pamoja kabla ya shule kufungwa, wachague siku moja ya Desemba ya kuvusha rika pande zote za mpaka, waitangaze mimbarini mapema kuliko inchama itakavyotangaza yake. Na wewe baba unayesoma haya, mwenye binti wa darasa la sita au la saba, usingoje barua ya askofu. Mwambie leo kwamba hatakatwa, na uwaambie ndugu zako akiwa anasikia.