GARI LIMEKWISHA INULIWA, SASA TULINUNULIE KAMBA



Jumamosi ijayo mkutano wa wanachama utaamua juu ya shilingi 900,000 zilizotengwa kwa ajili ya pikapu ya ushirika. Dereva na utingo wake wamekwisha pita nyumba kwa nyumba wakiomba fedha hizo ziende gereji Mbeya, gari liinuliwe tena inchi 3. Sisi wa ofisi ya tawi tumewasikiliza, na tunasema wazi: hapana. Hatusemi hivyo kwa kuwachukia vijana. Wao ndio wanaolala njiani na maziwa yetu wakati sisi tumejifunika mablanketi. Lakini dawa wanayoitaka siyo ya ugonjwa huu.

Gari hili tulilinunua mwaka 2021 likiwa limekwisha inuliwa na mwenyewe wa kwanza. Ingia uvunguni uone. Nyuma, kati ya ekseli na springi, kuna vipande vya chuma, kila upande kimoja, unene wake inchi 2. Sasa tunauliza: Aprili 2025 liliponasa kule bondeni, kabla ya kuifikia lami ya Tukuyu, lilinasa kwa sababu ya ufupi? Si wote tulikwenda kuona, jamani! Difu ilikuwa imekalia tuta la matope, magurudumu yanazunguka bure. Na difu haipandi kwa kuinua springi. Difu imeshikana na ekseli, na ekseli imeshikwa na magurudumu. Weka chuma cha inchi 3, weka cha inchi 10, bodi itapanda kama ghorofa na difu itabaki palepale. Kinachoipandisha ni gurudumu kubwa zaidi, na hapo nako ukiongeza inchi 2 za kipenyo unapata inchi 1 tu chini ya difu. Asiyeamini aje na kamba apime.

Hasara zake sasa. Gari likiwa refu na limebeba makopo ya maziwa, uzito unakaa juu, na njia yetu ya mlimani imelalia upande. Mipira ya breki inavutika kupita urefu wake. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Pikapu nyingi za aina hii zina kifaa nyuma, chenye mkono uliounganishwa na ekseli, kinachopima mzigo kwa jinsi bodi inavyoshuka. Bodi ikishuka, kinajua kuna mzigo, kinaongeza breki za nyuma. Bodi ikiinuliwa kwa vyuma, kifaa kinadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa, na breki za nyuma zinapungua. Fundi aliyetuchunguzia amesema mkono wa kifaa chetu haukurekebishwa tangu hizo inchi 2 za kwanza. Maana yake tumekuwa tukiteremka na maziwa kwa breki pungufu tangu mwaka 2021. Na bado tunataka kuongeza inchi 3?

Kwa maoni yetu, senti ya kwanza iende hapo kwenye breki. Ya pili iende kwenye kamba.

Hili la kamba tulieleze vizuri, maana lilitaka kutuletea msiba. Siku ile ya Aprili lori la matofali lilikubali kutuvuta. Mnyororo ukafungwa kwenye kile kichwa cha chuma cha kukokotea trela. Lori likavuta kwa kishindo, kichwa kikakatika shingoni, kikaruka na mnyororo wake juu ya vichwa vya watoto waliojipanga ukingoni kutazama, kikatoboa bati la kibanda cha chai. Maziwa yalichacha yote siku hiyo, lakini maziwa yanakamuliwa tena kesho. Na sisi viongozi tulikuwepo. Tulikuwa tukishangilia "vuta, vuta!" badala ya kuwaondoa watoto. Tunajikosoa mbele yenu.

Kichwa cha trela hakikutengenezwa kwa kazi ya kunasua gari. Huko Australia, ambako watu hupenda sana magari ya porini, vichwa vya namna hiyo vimekwisha ua watu. Kamba ifungwe kwenye kulabu iliyokazwa kwa bolti nene kwenye chesisi yenyewe. Siyo kwenye bampa, siyo kwenye springi. Mbele tunayo, nyuma hatuna, na fundi anaweza kuiweka. Kamba iwe nene ya nailoni, kwa sababu nailoni hunyumbuka kidogo kabla ya kuvuta, haipigi kishindo kama mnyororo. Katani ni zao la nchi yetu na tunaliheshimu, lakini kamba ya katani iliyolala na maji huoza kwa ndani bila kukupa taarifa. Kabla ya kuvuta, tupa gunia lililolowa maji katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini. Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe na nusu yake tena. Na pasiwe na mtu wa kuruka juu ya kamba iliyokaza, hata awe na haraka gani.

Vingine havihitaji Mbeya. Seremala wetu atukatie mbao 2 za mti mgumu, unene inchi 2, upana inchi 8, urefu kama mita 1 na robo. Juu yake tupigilie vipande vya tairi kuukuu, meno yakitazama juu, misumari ikunjwe isitokeze. Hizo zinaingia chini ya gurudumu linalozunguka. Kibao kingine kipana kiwe cha kukalishia jeki, maana jeki kwenye matope inazama yenyewe badala ya kuinua gari. Koleo la mpini mfupi, la kuchimbua tuta lililokamata difu. Pasipo na mti wala lori la kutuvuta, gogo linazikwa kwenye shimo la kufika kiunoni, likilazwa kwa ubavu, kamba ikifungwa katikati yake, na winchi ya mkono inavuta hapo. Winchi tutaazima, tusinunue bado.

Tena kuna jambo la bure kabisa: kupunguza upepo. Tairi la upepo 35 likishushwa hadi 20 linalala chini, linakanyaga pana, na mara nyingi gari linatoka bila hata kuvutwa. Sharti ni kwenda polepole, na kuujaza upya kwa pampu ya mguu kabla ya lami. Geji ina tarakimu, na sisi tuliosoma kisomo cha jioni tunaisoma vizuri, sembuse vijana wenye cheti.

Springi nazo zinahitaji fedha, hatukatai. Upande wa kushoto majani 2 yamepasuka, ndiyo maana gari linatembea limeinama kama mwenye kibiongo. Yabadilishwe. Jani la ziada linaweza kutoka kwenye gari bovu, mradi upana ni uleule na ni fupi kuliko lile la juu yake. Lisichomelewe, moto unaua ugumu wa chuma cha springi. Yu-bolti zikifunguliwa zinunuliwe mpya, na baada ya wiki moja zikazwe tena. Na jani la ziada liwe moja tu! Tukirundika majani, gari tupu litarukaruka kama mbuzi. Shokapu za nyuma zinavuja mafuta. Zitakazonunuliwa ziwe ndefu kidogo, kwa sababu zile za kawaida kwenye gari lililoinuliwa zinafika mwisho na kugonga.

Tumepiga hesabu na fundi. Breki, springi, shokapu, kulabu na kamba vinaingia ndani ya zile 900,000 na chenji inabaki. Hesabu hiyo imebandikwa hapa chini ya karatasi hii. Mwenye bei nafuu zaidi ailete mkutanoni. Mbao zitaanza kukatwa Jumatatu, na anayetaka kuchangia tairi kuukuu alipeleke kwa seremala kabla ya Jumapili jioni.

Katibu wa Tawi