Mashine Haijasema Ununue Sensa

Hakuna kauli inayowatoa wenye magari pesa bila swali kama hii: "Mashine imesema." Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, fundi amechomeka kifaa chake chini ya usukani, namba imejitokeza, na muda si mrefu mwenye gari yuko kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, anatafuta sensa. Akirudi nayo inafungwa, namba inafutwa, taa inazimika, analipa. Wiki haiishi taa inawaka tena, na safari hii mashine "imesema" kitu kingine.

Mashine haijawahi kusema hivyo. Imani kwamba kifaa cha kupimia hutaja spea iliyokufa ni ya uongo, na wanaoigharamia ni watu wasio na senti ya kupoteza: dereva wa teksi anayedaiwa hesabu ya tajiri jioni, mwalimu aliyenunua Toyota IST kwa mkopo.

Mfumo ambao kifaa hicho huusoma, OBD-II, ulifanywa wa lazima Marekani kwa magari ya kuanzia toleo la 1996, na shabaha yake ilikuwa kudhibiti moshi mchafu. Kompyuta ya injini hupokea vipimo na kuvilinganisha na inavyotarajia. Kipimo kikivuka mpaka, huandika namba. Namba hiyo inataja kipimo kilichokwenda kombo. Sababu yake haiijui.

Chukua P0171, namba inayowaponza wengi. Maana yake ni kwamba hewa imezidi petroli kwenye mchanganyiko. Aliyetoa taarifa ni oksijeni sensa iliyoko kwenye ekzosi, basi ndiyo inayong'olewa, ingawa mara nyingi imesema kweli tupu. Hewa inaweza kuwa inapenya kwenye mpira uliopasuka nyuma ya kisanduku cha kichujio, au kwenye gasketi ya manifodi. Sensa ya hewa inaweza kuwa imeshika vumbi, au pampu ya petroli imechoka. Kuzitenganisha sababu hizi kunawezekana nyumbani, kwa kisomeo kidogo cha Bluetooth na programu ya simu. Programu huonyesha asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Injini ikishapata moto, soma asilimia hiyo bila kukanyaga mafuta. Kisha pandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, usome tena. Nyongeza ikiwa kubwa mwanzoni, tuseme asilimia 20, halafu ikashuka karibu na sifuri ulipokanyaga, tafuta hewa inayopenya: tundu lilelile ni kubwa kwa injini inayovuta hewa kidogo, na halina uzito kwa injini inayovuta nyingi. Ikiwa nyongeza inazidi kupanda kadiri injini inavyobeba mzigo, geukia petroli au sensa ya hewa.

P0302 ni rahisi zaidi. Silinda ya pili inakosa moto. Kwenye injini ya 1NZ-FE, iliyomo ndani ya IST na Premio nyingi, kila plagi ina koili yake. Zima injini, fungua koili ya pili, ibadilishane nafasi na ya tatu, futa namba, endesha. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0302, fanya vivyo hivyo kwa plagi. Bado? Sasa tazama nozeli na kompresheni. Jaribio hili halimgharimu mtu shilingi moja, na bado watu wanauziwa koili zote nne.

Uchungu wangu mkubwa uko kwenye P0420, inayosema ufanisi wa masega, yaani kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, umeshuka. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei, na kwa hiyo anayekushauri uyatoe huenda ana mnunuzi tayari. Ekzosi inayovuja karibu na sensa inaweza kuleta namba hiyohiyo. Na kama masega yamekufa kweli, kuna kilichoyaua: plagi zinazokosa moto, au injini inayokula oili. Usipoondoa hicho, hata mapya yatakufa.

Mafundi wana jibu lao, na lina haki ndani yake: mteja hataki kulipia kupima. Atatoa pesa nyingi kwa spea anayoishika mkononi, lakini saa nzima ya kusaka mpira uliopasuka anaiona si kazi. Ni kazi, tena ndiyo ufundi wenyewe, na ilipwe. Ila anayelipia kupima ana haki ya kuonyeshwa kilichopimwa.

Tena asikubali namba ifutwe kabla hajaipiga picha, pamoja na rekodi ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, joto, mzigo. Kufuta kunaondoa vyote, na kunaiacha kompyuta ianze upya kujipima, ndiyo maana taa hubaki kimya kwa muda hata kama ugonjwa upo palepale. Tengenezo likiwa la kweli, kompyuta huizima taa yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zilizofanyiwa kipimo hicho bila hitilafu kuonekana. Malipo ya mwisho ya fundi yasubiri hapo.