Mvua Msiisingizie

Kila mwaka wimbo ni uleule. Korosho zinauzwa mnadani, hela inaingia, fundi anaitwa, ukuta unapigwa lipu, rangi inapakwa, picha anatumiwa shemeji aliyeko Dar. Januari haijaisha, rangi imefura malengelenge, lipu imebanduka na chumbani kunanuka uvundo. Mwenye nyumba anasimama barazani, mikono kiunoni: "Mvua ya mwaka huu, jamani!"

Mvua ina kosa gani? Inanyesha hapa kwetu Madimba, Mtwara, tangu enzi za babu wa babu zetu. Nimechoka kusikia ikisingiziwa.

Hebu njoo ukutani kwako tuangalie. Lipu imeanza kubanduka wapi? Chini, kuanzia ardhini mpaka usawa wa magoti. Sasa mvua itokayo juu imeanzaje na magoti? Maji hayo yanapanda. Ardhi inayapeleka kwenye msingi, msingi unayapeleka kwenye tofali, kwa sababu hakuna aliyetandika nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kupanga tofali la kwanza. Nailoni tu! Ulikuwa na hela ya geti la maua, ya nailoni ukakosa?

Kwangua kidogo hapo. Unauona huo unga mweupe? Chumvi hiyo. Mchanga ulizolewa ufukweni ukachanganywa na saruji bila kuoshwa, kwa kuwa ulikuwa karibu na wa bei nafuu. Chumvi huvuta unyevu hata siku isiyo na wingu. Jua likiwaka, maji yanakauka, chumvi inaganda chembechembe nyuma ya lipu na kuisukuma nje. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki umekilipia mwenyewe, kwa tripu.

Na ninyi mnaopiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa miti na udongo ili nyumba ionekane ya kisasa? Udongo ukilowa hutanuka, ukikauka husinyaa. Saruji haijui kucheza hivyo, inapasuka. Maji yanaingia kwenye ufa, hayapati pa kutokea, miti inaoza, mchwa wanashiba. Nje nyumba inang'aa! Mficha maradhi kifo humuumbua.

Fundi naye! Anapiga lipu saa saba mchana, jua la utosi, jioni anadai chake anaondoka. Nani alibaki kuimwagilia maji? Lipu mbichi inataka kumwagiliwa wiki nzima. Ukiiacha inakauka kabla haijakomaa, inachanika nyufa nyembamba, na kila ufa ni mlango wa maji. Nawe ulikuwa wapi? Umelala. Fundi hakukudanganya, alikukuta usingizini.

Halafu siku hizi mmeingiwa na mtindo wa kuficha bati. Paa la babu lilitoka nje likaukinga ukuta. Lenu limejificha, ukuta unapigwa mvua ya upepo kutoka juu mpaka chini. Kwa picha, sawa.

Nenda Mikindani ukaangalie kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ile iliuacha ukuta upumue: maji yakiingia, yalitoka. Sisemi mkavunje matumbawe mchome chokaa. Hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, na kwa sababu nzuri. Nasema wazee walijua maji yatapita wapi kabla hawajanyanyua mwiko. Sisi je?

Msiniambie habari ya umaskini. Mwaka 2015 Mtwara tulizinduliwa kiwanda cha saruji cha Dangote, na hapa hapa Madimba mitambo ya kuchakata gesi. Saruji ipo jirani. Na bado mtoto analala kwenye chumba chenye ukungu, anakohoa mpaka alfajiri, mama anakimbizana na dawa ya kifua. Hela ya kupaka rangi upya kila mwaka, mbona inapatikana?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tunauziba kila mwaka, na ukuta tunaujenga vilevile!

Minada ya korosho ikifunguliwa, lori la mchanga likisimama mlangoni kwako, usihesabu hela kwanza. Chota kidogo, weka ulimini. Ukisikia chumvi, mwambie dereva ageuze lori.