Treni imefika Morogoro, wateja wafike mjini

Tangu Juni 14, 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda wa saa mbili hivi. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa Sh. 13,000. Kwa mji unaoishi kwa biashara ya mazao, vyuo na wapita njia, hiyo ni neema. Tatizo ni kwamba stesheni mpya iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, na faida ya treni inaweza kuishia huko huko.

Morogoro ni mji uliokuzwa na reli. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika hapo mwaka 1907 na stesheni yake ikawekwa mjini. Maduka na nyumba za wageni vikajipanga kwa umbali wa kutembea, na kila aliyeshuka na mzigo alikuwa mteja kabla hajafika kwake. Leo mabasi ya mikoani yana kituo Msamvu, penye njia panda ya Dodoma na Iringa, na treni inasimama Kihonda. Msafiri amesogezwa mbali na mtaa wa maduka mara mbili.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana. Abiria wa basi la Dodoma alishuka Msamvu, akala, akanunua matunda. Treni ilipoanza kwenda Dodoma Julai 25, 2024, abiria huyo akawa anapita Morogoro bila kuinuka kitini. Wakati huo huo Soko Kuu la Kingalu, jengo la ghorofa lililozinduliwa mwaka 2021, liko katikati ya mji, na kodi ya kizimba hudaiwa wateja waje wasije.

Wapo wanaosema mji uhamie Kihonda. Hoja hiyo ni ghali. Barabara, mabenki, ofisi na soko tayari viko mjini. Kuvijenga upya ni kulipia kitu kimoja mara mbili.

Dawa ni kuunganisha. Daladala za Kihonda, Msamvu na Soko Kuu ziondoke kwa ratiba ya treni, si kwa kusubiri kujaa. Kando ya njia hiyo moja vitolewe vibali vya majengo ya ghorofa, maduka chini na makazi juu, badala ya kuuacha mji utawanyike. Vituo viwe na njia za waenda kwa miguu na vizimba halali vya machinga. Abiria ni wateja wao, na kuwafukuza hakujazi soko.

Fedha si kisingizio. Kituo cha Msamvu kilijengwa kwa ubia wa manispaa na mfuko wa pensheni wa LAPF. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilitafuta Sh. bilioni 53.12 kwa hatifungani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5, ikapata zaidi ya ilichoomba. Wananchi wapo tayari kukopesha mradi wenye mapato yanayoonekana. Ushuru wa vituo na kodi za maduka ya njia hiyo ni mapato ya aina hiyo.

Kwa mwekezaji mdogo, somo ni kutonunua kiwanja kwa sababu tu kimepakana na reli. Reli iliyo nyuma ya uzio haileti mteja. Mteja huletwa na mlango wa stesheni, kituo cha daladala na njia ya miguu. Aanzie ofisi ya mipango miji, aulize barabara ya daladala itapita wapi na ghorofa ngapi zinaruhusiwa. Asipopata jibu, fedha zake zikae benki. Na kama manispaa haina jibu la kumpa, wenye maduka ya mjini ndio wa kwanza kulidai, kwani wao ndio watakaofunga milango kwanza.