Mkuu wa Huduma Atokee Kaunta

Wananchi wa Berega, wilayani Kilosa, hawahitaji kufundishwa na sisi maana ya huduma. Wana hospitali, wanajua kwamba muuguzi mkuu hodari ni yule aliyepata kukesha wodini. Jambo hilo hilo twalidai katika shirika letu la ndege.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Nairobi, lilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilianzisha lake mwezi Machi mwaka huo huo. Serikali ilipolinunulia ndege mbili mpya mwaka 2016, watu walizishangilia ndege. Waliosimama mbele ya abiria hawakutajwa sana.

Ndege ikichelewa, rubani haonekani. Anayetukanwa ni karani wa kaunta. Msimamizi wake ndiye wa kuwatafutia abiria chakula, malazi, au nafasi katika safari nyingine. Kazi hiyo yataka mtu aliyepata kupima mizigo na kukagua tikiti kwa mikono yake mwenyewe. Basi njia ya kutoka kaunta hadi usimamizi wa zamu, na hata ukuu wa kituo, iandikwe wazi. Kijana wa Berega anayesoma Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, ajue ni baada ya miaka mingapi ataweza kushindania cheo, na kwa mtihani gani. Cheo kikitolewa kwa kujuana, karani hodari huondoka, na abiria hubaki akimlalamikia mtu asiyejua la kufanya.