Samaki wa kidimbwi achaguliwe na maji, si na bajeti

KATIKA nchi ya ingokho, samaki bado ni mgeni. Mkazi wa Kabuchai, kaunti ya Bungoma, hahitaji kufunzwa jinsi ya kumlea kuku, kwa kuwa ujuzi huo aliurithi kwa wazee wake. Lakini anapoambiwa kwamba kidimbwi cha samaki nyuma ya nyumba kitamletea pesa za karo, huingia katika biashara ambayo mambo yake mengi hutendeka chini ya maji, mahali ambapo macho hayafiki.

Ndiyo maana swali la ni samaki gani atiwe katika kidimbwi hicho si dogo hata kidogo. Kwa muda mrefu swali hilo limejibiwa na watu wasioishi karibu na kidimbwi chenyewe: waandalizi wa bajeti, wafadhili, na wanasiasa wanaogawa vifaranga mbele ya kamera kila uchaguzi unapokaribia. Mkulima huachiwa kazi ya kupokea na kushukuru. Mambo yanapokwenda mrama, yeye ndiye hubaki na shimo lililojaa maji mahali palipokuwa na mahindi.

Historia yatosha kuwa shahidi. Ufugaji wa tilapia nchini Kenya ulianza katika miaka ya 1920, enzi za ukoloni. Katika miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwahimiza wananchi wale samaki kwa wingi, na vidimbwi vikachimbwa katika maeneo ya Nyanza, Magharibi na Kati. Vingi vilikuwa vidogo mno, vikasongamana samaki wadogo wasiouzika, na hatimaye vikaachwa vikamea magugu.

Kisa hicho kilipata sura mpya mwaka 2009, pale Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipotangaza Mpango wa Kuchochea Uchumi katika bajeti ya mwezi Juni. Katika awamu ya kwanza, maeneobunge 140 kati ya 210 yaliyokuwapo yalitengewa vidimbwi 200 kila moja, yaani vidimbwi 28,000 kwa jumla. Kila kidimbwi kilikusudiwa kuwa na ukubwa wa mita 300 mraba na kutiwa vifaranga 1,000. Eneobunge la Kabuchai lenyewe halikuwa limezaliwa. Lilipatikana mipaka ilipochorwa upya mwaka 2012.

Matokeo ya mwanzo yalitia moyo. Uzalishaji wa samaki wa kufugwa nchini, ambao haukuwa umefika tani 5,000 mwaka 2009, ulipanda hadi zaidi ya tani 24,000 mwaka 2014. Kisha ukaporomoka. Kufikia mwaka 2016 ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 15,000. Ruzuku ya vifaranga na lishe ilipokoma, wakulima wengi walikunja nyavu zao.

Si haki kudai kwamba mpango huo ulikuwa bure. Uliwafungua Wakenya wengi macho, na ulichochea kuanzishwa kwa vituo vya kibinafsi vya kuzalisha vifaranga. Hata hivyo, ulikuwa na dosari moja ya msingi: kipimo kimoja cha kidimbwi na idadi moja ya vifaranga vilipelekwa kila mahali, kana kwamba maji ya Kenya nzima ni mamoja.

Waswahili walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Kwa samaki, kidimbwi ndio ulimwengu mzima. Ziwani, samaki akikosa joto, hewa au chakula, huogelea kwenda kwingine. Katika kidimbwi hana pa kwenda. Wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya vioo, hasa wale wa maji ya chumvi watokao kwenye matumbawe, hulijua jambo hili vyema. Kabla ya kununua samaki, mfugaji makini huuliza atakuwa mkubwa kiasi gani, anataka joto gani, anakula nini na ataishi na nani bila kupigana. Anajua kwamba tangi linavyokuwa dogo ndivyo kosa linavyokuwa ghali. Ni ajabu kwamba maswali anayoulizwa mwenye kutafuta pambo la sebuleni hayaulizwi pale riziki ya familia inapohusika.

Swali la kwanza kwa Kabuchai ni joto. Tilapia wa Nile, ambaye ndiye hugawiwa sana, hukua vyema katika maji yenye nyuzijoto baina ya 25 na 30. Maji yakishuka chini ya 20, ukuaji wake huzorota. Yakikaribia 16, huacha kula. Ziwa Victoria, anakostawi, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya Kabuchai iko mita 1,500 na zaidi, na mito yake, kama vile Kuywa na Chwele, huteremsha maji baridi kutoka Mlima Elgon. Mkulima anayeelekeza maji ya mto moja kwa moja katika kidimbwi, yakiingia upande huu na kutoka upande ule mchana kutwa, huwa anawaogesha samaki wake kwa baridi bila kujua. Pia huyafagia mamea madogo ya kijani ambayo ni chakula chao cha bure.

Hii haimaanishi kwamba tilapia hafai Kabuchai. Maana yake ni kwamba yule aliyeahidiwa kuvua baada ya miezi sita huenda akahitaji minane au zaidi, na kila mwezi wa ziada una gharama ya lishe. Kipimajoto cha bei nafuu, kinachotumbukizwa majini alfajiri na alasiri kwa majuma kadhaa, kingemweleza mkulima mengi kuliko semina ya siku nzima. Maji yaliyotulia, yenye kupigwa na jua na kuongezwa tu yanapopungua, yanaweza kuokoa msimu.

Swali la pili ni jinsia. Tilapia huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi miwili au mitatu tu, wakati bado ni mdogo kuliko kiganja. Jike hubeba mayai na makinda kinywani, na akishawaachilia huwa tayari kuzaa tena baada ya majuma machache. Mkulima aliyetia vifaranga 1,000 wa jinsia zote mbili hufurahi kuona maji yakichemka kwa samaki. Furaha hiyo hupungua siku ya kuvua, anapokuta maelfu ya samaki wa kidole waliogawana lishe iliyotosha elfu moja. Hiki ndicho kilichoangusha vidimbwi vya miaka ya 1960.

Dawa yake inajulikana. Madume ya tilapia hukua haraka kuliko majike, kwa kuwa nguvu zao haziishii katika uzazi. Vituo vilivyo na ujuzi hupata kizazi cha madume watupu kwa kuwalisha makinda chakula chenye homoni kwa takriban majuma matatu au manne ya mwanzo. Kazi hiyo ni ya wataalamu, si ya kufanyiwa majaribio nyumbani. Kwa hivyo, mkulima anapoambiwa kuna vifaranga, asiulize bei pekee. Aulize pia ni madume, na ni nani anayethibitisha.

Swali la tatu ni majirani. Kambare, ambaye wakazi wa kandokando mwa Ziwa Victoria humwita mumi, ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji. Sifa hiyo humwokoa alfajiri, wakati ambapo hewa ya oksijeni imepungua kwa sababu mamea ya majini huitumia usiku kucha. Kambare hazai ovyo kidimbwini, na kwa kuwa hula samaki wadogo, wachache wakitiwa pamoja na tilapia hupunguza makinda ya ziada. Lakini ni lazima wawe wadogo kuliko tilapia wanaotangulia, la sivyo mlinzi atageuka mwizi. Wakifugwa peke yao, wapangwe kwa ukubwa mara kwa mara, maana wakubwa huwameza wadogo.

Swali la nne ni soko, na hapa ndipo mipango mingi hukwama. Kambare hana magamba, na Waadventista Wasabato, kwa kufuata Mambo ya Walawi sura ya 11, hawamli. Wapo na wengine ambao wamemzoea tilapia tu, tena yule anayelingana na sahani. Soko la Chwele, mojawapo ya masoko makubwa ya wazi magharibi mwa Kenya, liko mlangoni mwa Kabuchai, lakini mchuuzi wa pale hununua ukubwa na bei, hanunui historia ya kidimbwi. Mwaka 2018, mjadala kuhusu samaki wa bei nafuu kutoka China ulipopamba moto hata Rais akaingilia kati, ilidhihirika kwamba mkulima mdogo hashindani na jirani yake pekee.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme vifaranga 1,000 vimetiwa, 900 vikaponea ndege, kenge na maradhi, na kila mmoja akafikisha gramu 250. Hizo ni kilo 225. Iwapo kila kilo ya samaki imegharimu kilo moja na nusu ya lishe, mkulima amenunua karibu kilo 340 za lishe. Samaki hao wakisimama kwenye gramu 100 kwa sababu ya baridi au msongamano, kilo 225 huwa 90, na sehemu kubwa ya lishe imekwisha kuliwa. Lishe ndiyo hula zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji. Kosa la siku ya kuchagua vifaranga halionekani siku hiyo. Huonekana kwenye mizani miezi minane baadaye.

Kuna wanaosema kwamba maswali haya ni ya anasa, kwamba maskini apewe samaki kwanza na mengine yatafuata. Ziwa Victoria lina jibu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbuta na tilapia wa Nile walitiwa ziwani humo kwa nia ya kuongeza mavuno. Mbuta alileta viwanda na pesa za kigeni, ila aina nyingi za samaki wadogo waitwao fulu zilitoweka, na ngege wa asili akasukumwa pembeni hata hifadhi yake mojawapo leo ni Ziwa dogo la Kanyaboli, kaunti ya Siaya. Waliochagua samaki hao hawakuwa waliokula fulu. Na tusisahau kwamba mto Kuywa humwaga maji yake katika Nzoia, na Nzoia humwaga ziwani. Kidimbwi kikipasuka wakati wa mafuriko, siri ya mkulima wa Kabuchai huwa ya ziwa zima.

Je, kifanyike nini? Tangu mwaka 2013 uvuvi ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba. Bungoma haianzi mikono mitupu, kwani ina shamba la samaki la Chwele, lililo papo hapo Kabuchai. Shamba kama hilo lina faida ambayo hakuna mfadhili awezaye kuileta kwa lori: maji yake ni baridi kama ya mkulima, na jua lake ni lile lile. Likipewa fedha za kutosha, lijaribu tilapia na kambare katika hali halisi ya eneo hili, liandike joto, lishe na uzani wa kila mwezi, kisha matokeo yabandikwe mahali ambapo mkulima anayekwenda sokoni anaweza kuyasoma.

Kadhalika, kaunti ibadilishe kipimo chake cha ufanisi. Kuhesabu vidimbwi vilivyochimbwa na vifaranga vilivyogawanywa ni kuhesabu gharama na kuiita faida. Kinachofaa kuhesabiwa ni kilo zilizovuliwa, shilingi zilizobaki mfukoni baada ya kulipia lishe, na vidimbwi ambavyo bado vina samaki mwaka wa tatu, wakati ambapo hakuna tena ruzuku wala kamera. Maafisa wa nyanjani nao wafike kabla ya vifaranga, wala si baada ya vifo.

Kwa upande wake, mkulima ajue kwamba kukataa pia ni kuchagua. Kama chemchemi yake ni baridi mno, au soko lake liko mbali, au hana pesa za lishe ya miezi minane, hapana aibu kuliacha shamba likae na mboga na kuku. Na aliye na maji yanayofaa aanze na kidimbwi kimoja, apime, avue, apige hesabu, ndipo achimbe cha pili. Afisa anayemletea vifaranga 1,000 vya bure akishindwa kumwambia ni wa jinsia gani na maji yake yana joto kiasi gani, basi ana haki ya kumshukuru kwa adabu, na kuvirudisha.