Sayansi ya tabianchi yahitaji lugha ya mkulima

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Tangu jadi, mkulima wa Bumula, katika Kaunti ya Bungoma, ameishi kwa hekima hiyo. Alipoona wingu likitanda upande wa Mlima Elgon mwezi wa Machi, alijua wakati wa kupanda mahindi umewadia. Siku hizi wingu hutanda, mvua ikanyesha siku mbili, kisha jua likawaka majuma kadhaa. Mbegu iliyonunuliwa kwa mkopo huishia kukauka ardhini.

Wataalamu wanayo maelezo. Mwaka 2021 jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilitamka kuwa haina shaka tena kwamba binadamu ndiye aliyeongeza joto la dunia. Utafiti pia umepiga hatua nyingine. Zamani wanasayansi walisita kulihusisha janga moja na ongezeko hilo. Leo wanaweza kulipima. Aprili 2023, kundi la World Weather Attribution lilieleza kwamba joto hilo liliongeza takriban mara 100 uwezekano wa ukame ulioikumba Pembe ya Afrika, ikiwemo Kenya, kuanzia mwishoni mwa 2020. Mvua zilipungua, na joto nalo likakausha haraka unyevu uliobaki udongoni. Isitoshe, kila nyuzi 1 ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Ndiyo maana mvua inaponyesha huja kwa kishindo.

Swali langu kama mwanaisimu ni hili: maarifa hayo yanamfikia nani, na kwa lugha gani?

Niliwahi kuketi katika baraza moja huko Bumula, afisa akisoma utabiri wa msimu. Alisema mvua ingekuwa "juu ya kawaida". Mzee mmoja aliinuka akauliza kwa upole, "Kawaida ipi, mwanangu? Ile ya baba yangu au hii ya mwaka jana?" Watu wakacheka, naye afisa akageuza ukurasa.

Kicheko hicho hakikustahili, kwa maana swali la mzee lilikuwa la kisayansi. Kwa mtaalamu, "kawaida" ni wastani wa miaka 30, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani sasa linatumia ile ya 1991 hadi 2020. Viwango vya mvua hupangwa katika mafungu matatu: haba, ya wastani na nyingi. Kusema mvua itakuwa "juu ya kawaida" ni kusema kwamba fungu la tatu lina uwezekano mkubwa kuliko mengine. Si ahadi, wala maneno hayo hayasemi mvua itaanza lini au itakatika lini. Mzee alisikia ahadi. Akipanda shamba zima kwa kuitegemea, na mvua ikakatika, ni nani atakayemlaumu asipouamini utabiri tena?

Istilahi zetu zenyewe zinatatiza. Magazeti na vitabu vingi hutumia "mabadiliko ya hali ya hewa" na "mabadiliko ya tabianchi" kana kwamba ni kitu kimoja. Hali ya hewa ni jambo la leo na kesho. Tabianchi ni mwenendo wa miongo mingi. Ukimwambia mkulima kwamba hali ya hewa inabadilika, atakujibu kwamba haijawahi kukosa kubadilika, naye atakuwa amesema kweli.

Wapo wanaodai kuwa lugha zetu haziwezi kuubeba utafiti huu. Dai hilo limekwisha kukanushwa hapa hapa magharibi mwa Kenya. Katika Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi, mashuhuri kwa kutabiri mvua, ulikutanishwa na wataalamu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Waliketi pamoja, wakalinganisha dalili za miti, ndege na wadudu na takwimu za mitambo, kisha wakatoa utabiri mmoja ambao wenyeji waliupata kwa lugha yao. Sayansi haikupungua uzito kwa kutamkwa Kiluhya.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inakusudia elimu hii iingizwe katika mitaala ya viwango vyote. Tusimwachie mwalimu wa jiografia mzigo huo peke yake. Mwalimu wa Kiswahili na awape wanafunzi utabiri wa msimu, waufafanue kwa Kiswahili sanifu, kisha waupeleke nyumbani na kuusimulia kwa Lubukusu mbele ya nyanya na babu. Wawaulize: kwa maneno haya, mngepanda lini, na mngepanda kiasi gani? Jibu litakalorudi darasani litatuonyesha kama tumeeleweka.

Hadi hapo, utafiti utazidi kukua katika majarida, na mbegu itazidi kukauka Bumula.